Nilimnyooshea Rwamba Kijiti cha Ngoma Mbele ya Kanisa

"Huyu ndiye ameniangusha. Na amefanya makusudi."

Hayo maneno yalitoka kwa mdomo wangu mimi, Kajuju. Jumapili, saa tano asubuhi, mbele ya watu karibu mia nne. Pasta alikuwa ameshika maikrofoni. Mimi nilikuwa nimeshika kijiti cha ngoma, na kilikuwa kimeelekea uso wa Rwamba...

Rwamba! Msichana tuliyeishi naye chumba kimoja miaka miwili. Tuliyekula naye sufuria moja. Tuliyeitana dada hadi watu wakaamini ni wa tumbo moja.

Watu wa nyuma wakasimama juu ya viti ili waone.

Sasa ngojeni, watu wangu. Msikimbie kwa comments kabla hamjasikia. Nitawaambia yote, hata zile sehemu ambazo zinaniaibisha, na ziko nyingi. Mkimaliza mnitukane, ni sawa, ngozi yangu ni ya mtu wa soko.

Mimi ni wa Kibirichia. Mama analima viazi kule, mimi nauza huku soko la Gakoromone, Meru mjini. Hasira nilizaliwa nazo. Mama husema mimi huinjika sufuria kabla ya kuuliza kama kuna maji, na hajawahi kudanganya.

Rwamba naye ni mtu wa Ishiara, kule Mbeere. Alikuja Meru kusoma kompyuta, akabaki akifanya kazi kwa cyber hapo Makutano. Mpole, maneno machache. Tulikutana kwaya, yeye kwa kinanda, mimi nikiimba sauti ya pili. Tukapatana, tukachukua chumba pamoja.

Lakini mimi kuimba sikutaka. Nilitaka ngoma.

Tangu nikiwa mdogo, nikiona mtu amekaa nyuma ya zile ngoma za kanisa, mikono miwili inaenda huku, mguu unaenda kule, nilikuwa nasikia wivu kabisa. Nilikuwa najiambia hicho kiti ni changu, huyu amekikalia tu.

Shida ni kwamba ngoma za kanisa hufungiwa stoo mpaka Jumapili. Na plot yetu ya kupanga kuta zilikuwa za mbao. Landlady alituambia siku ya kwanza kwamba akisikia kelele, tutafute pengine.

Ndio siku moja Younis akaniita.

Younis ana kibanda cha vitu vya umeme vya mtumba karibu na soko. Alikuwa amefungua mzigo mpya, akapata kitu asichokijua. Nikaenda kuona. Kumbe ni ngoma za plastiki! Nne, kila moja na rangi yake: nyekundu, manjano, bluu, kijani. Zimesimama kwa vyuma, na chini kuna pedali ya mguu. Younis akasema ni za game, watoto wa ng'ambo huzipiga wakifuata rangi zinazotokea kwa TV. Game yenyewe hakuwa nayo, kwa hivyo alikuwa anataka kuzitupa.

Nilizipeleka nyumbani kwa mkokoteni wa viazi.

Rwamba alizizunguka kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari. Akashika waya, akaangalia ncha yake, akacheka.

"Kaju, hii inaingia kwa laptop yangu. Yenyewe haijui kama ni game ama ni kanisa. Inasema tu umepiga wapi."

Wiki nzima akitoka kazini alikuwa ameinamia ile kitu. Alitafuta programu ya bure inayosoma ile plastiki, akaiunganisha na nyingine yenye sauti za ngoma za kweli. Nyekundu ikawa ile ngoma ndogo kali ya katikati. Manjano ikawa matoazi. Bluu na kijani zikawa ngoma za pembeni. Pedali ikawa ule mdundo mzito wa chini.

Mwanzoni ilikuwa vituko. Ukipiga nyekundu, manjano nayo inajibu, kwa sababu chuma chote kinatikisika. Rwamba akakata sponji ya godoro letu, akaweka chini ya kila ngoma, akarekebisha kwa laptop mpaka kila moja ikajifunza kunyamaza ikiwa haijaguswa. Springi ya pedali ilikuwa imekatika, akafunga mpira wa tube ya baiskeli.

Siku niliyovaa earphones nikapiga mara ya kwanza, nililia, sitawaficha. Masikioni mwangu kulikuwa na ngoma za kanisa zima. Nje jirani hakusikia kitu, labda mtu anayekatakata sukuma wiki.

Kutoka hapo, kila siku nikitoka soko saa tisa, nilikuwa nakaa pale hadi jioni. Miezi sita. Rwamba alikuwa anasikiliza kupitia earphone moja, ananiambia hapa umeenda, hapa umerudi. Huyo ndiye mwalimu wangu, sina mwingine.

Kisha nikafanya kitu kidogo sana...

Earphones zangu za waya zilikufa upande mmoja. Rwamba alikuwa ameenda kwao kumuuguza mamake. Nikaenda kwa Younis nikachukua headphones za bluetooth, zile kubwa nyeusi, hazina waya, zinafunika sikio lote. Nikajiangalia kwa kioo nikaona msanii. Nani angeniambia nini?

Wiki ya kwanza nilisumbuka sana. Mikono ilikuwa kama imelewa. Nikipiga, wimbo unanipita. Nikajiambia ni uvivu, nikakaza. Wiki ya pili ikaanza kukubali. Kufika mwezi, nilikuwa moto. Rwamba aliporudi hakuweza tena kusikiliza na mimi, kwa sababu hizo zangu hazikuwa na waya wa kugawana. Nikamwambia asijali, nimeshaiva.

Mwezi huo ndio tangazo lilisomwa kanisani. Makanisa yetu yote ya upande huu wa mlima yangekutana Embu kwa kongamano, na bendi ilitaka mpiga ngoma kutoka Meru. Tulijitokeza wawili, mimi na Winfred.

Winfred ni nani? Ni binamu ya Rwamba. Mama zao ni ndugu.

Rwamba aliniambia wazi kwamba yeye yuko na mimi, na Winfred anajua, na hawajakosana. Nikaamini. Jumamosi mbili tukaomba funguo za stoo, tukafanya mazoezi kanisani, wawili tu, mimi kwa ngoma za kweli, yeye kwa kinanda. Tulienda pamoja vizuri, hatukukosana hata mahali pamoja. Nilitoka pale nikijua kiti ni changu.

Jumapili ikafika.

Bendi ya kongamano ilikuwa inaongozwa na ndugu mmoja wa Embu anaitwa Vincent, mpiga gitaa la besi. Alikuja asubuhi hiyo hiyo. Pasta akaamua tujaribiwe ndani ya ibada, ili kanisa lijisikilizie lenyewe. Mimi kwanza.

Mistari miwili ya kwanza nilimsikia Rwamba yuko na mimi. Mstari wa tatu, akaniacha.

Nasema akaniacha kwa sababu ndivyo nilivyosikia kwa mwili wangu. Kinanda kilirudi nyuma, kikaenda kukaa na gitaa na waimbaji. Mimi nikabaki huko mbele peke yangu. Nikaongeza nguvu, ikawa mbaya zaidi. Watu waliokuwa wanapiga makofi wakaacha, hawakujua wamfuate nani. Wamama wa kiti cha mbele wakaanza kuangalia viatu vyao. Pasta akainua mkono, wimbo ukafia hapo.

Jamani, aibu ina joto. Nililisikia likipanda kutoka magotini.

Winfred akakaa. Akapiga kawaida tu, hakuna mbwembwe, na kanisa lote likasimama kucheza.

Nikasimama kando nikaanza kuunganisha. Jumamosi tulikuwa pamoja. Leo ameniacha mstari wa tatu. Anayefaidika ni binamu yake... Nikaona giza. Pasta alikuwa ameshafungua mdomo kutangaza jina, na mimi nikamkatiza kwa yale maneno niliyoanza nayo.

Sikuishia hapo. Nilisema alinivuta nyuma na kinanda ili damu yake ipite. Nilisema nimeishi na nyoka. Nilisema mengi, hata mengine sikumbuki, lakini wengine wanayakumbuka.

Pasta akamgeukia, akamuuliza pole pole.

"Rwamba, dada yako anasema ulimvuruga. Una la kusema?"

Rwamba aliniangalia. Hakuwa na hasira. Aliniangalia kwa muda mrefu kama mtu ambaye yuko na mzigo na hajui auweke wapi.

"Sina la kusema, Pasta."

Niambieni ukweli, nyinyi mngefikiria nini? Mtu anasingiziwa mbele ya kanisa anasema hana la kusema? Mimi nilijua nimeshinda.

Jumanne kamati ya wazee ikakaa. Kwetu mtu akikosea kanisa anawekwa chini ya nidhamu. Hatumiki madhabahuni, na anakaa benchi la nyuma kabisa, kando ya mlango, ili kila anayeingia ampite. Ni benchi la walevi na waliotoroka na mabwana za watu. Rwamba alipewa miezi mitatu hapo.

Winfred akajiondoa mwenyewe. Alisema hataki kiti chenye maneno.

Kwa hivyo kiti nikapewa mimi. Kamati ilisema nimeonewa.

Rwamba alifunga nguo zake siku hiyo hiyo. Nilikaa kitandani nimekunja mikono, nikingoja aanze kunilaumu ili nimpe maneno mengine. Hakuanza. Aliniachia sufuria zote, na laptop yake. Akiwa mlangoni ndio aligeuka.

"Mpira wa pedali umeanza kulegea. Ukaze kabla haujakatika."

Akaenda.

Na mimi, kwa ujinga wangu, nikaweka status: Kikulacho ki nguoni mwako. Nikaweka na emoji ya nyoka. Kwaya nzima iliona. Watu wakanipa pole nyingi, nikazipokea zote.

Jumapili mbili Rwamba alikuja akaketi lile benchi. Nilikuwa namwona vizuri kutoka kwa ngoma. Kinanda hakikuwa na mtu, kwaya ikawa inafuata mwendo wangu, na wimbo ukikimbia watu walidhani ni moto tu. Jumapili ya tatu benchi lilikuwa tupu. Nikasikia ameacha kazi ya cyber, amerudi Ishiara.

Wiki iliyofuata stima zikapotea mtaa mzima. Laptop ilikuwa na chaji, headphones hazikuwa. Nikatoa spika ndogo ya zamani ya waya, nikaichomeka kwa laptop, sauti chini, nikaweka wimbo wa mazoezi, nikaanza.

Ikawa kama ile Jumapili tena! Kila nikipiga, niko mbele. Wimbo uko huku, ngoma ziko kule. Nikaanza upya, bado. Mara ya tatu, bado.

Mnajua nilifikiria nini? Kwamba Rwamba aliharibu laptop kabla ya kuondoka. Naapa. Nilifunga ile kitu yote kwa leso nikaipeleka kwa Younis, njiani namtukana mtu ambaye hayuko.

Younis alisikiliza. Akachomeka waya, akapiga nyekundu kwa kidole, sauti ikatoka pale pale. Akasema laptop haina shida yoyote. Kisha akachukua zile headphones zangu, akazitia chaji kidogo kwa power bank yake, akanivalisha sikio moja tu, lingine akaliacha wazi. Akaniambia nipige.

Sikio lililo wazi likasikia kijiti kikigonga plastiki. Tok.

Halafu, baadaye, kwa lile sikio lingine, ndio ngoma ikalia.

Nikapiga tena. Tok... du. Tok... du. Kulikuwa na nafasi hapo katikati ambayo sikuwahi kuisikia, kwa sababu hizo headphones zilikuwa zinaniziba masikio yote mawili.

Younis akanielezea. Zile za bila waya, sauti huchelewa kufika. Ukisikiliza muziki hutajua. Yeye mwenyewe akiangalia mpira kwa simu na zake, wenzake hushangilia bao kabla hajalisikia. Lakini mtu anayepiga ngoma, akitaka ngoma ilie na wimbo, lazima apige kabla.

"Dada, miezi yote hii umekuwa ukifundisha mikono kutangulia," akasema. "Ukipewa ngoma ya kweli, lazima utakimbia."

Nilikaa kwa kreti yake, watu wa soko wakinipita.

Kwa hivyo Rwamba hakunivuta nyuma. Nilikimbia mimi. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nimeshika kijiti nikionyesha watu la mwenzangu.

Sasa hapa ndipo mtanichukia, na mko na haki.

Nilinyamaza.

Nilinunua earphones za waya. Nikafundisha mikono upya, wiki tatu, nikitoka soko saa nane badala ya saa tisa. Kila siku nilijiambia kesho nitamwendea pasta. Kesho ikifika, najiambia kongamano kwanza. Watu walikuwa wameshaniamini. Kiti kilikuwa kimeshakuwa changu. Ningesema nini, kwamba niliteketeza mtu kwa sababu ya headphones? Nilikuwa nalala vibaya, nakula vibaya, lakini mdomo haukufunguka.

Tukaenda Embu.

Na nilipiga, watu wangu. Nilipiga vile sijawahi kupiga. Uwanja mzima ulikuwa juu. Pasta wetu akachukua maikrofoni, akaniita mbele, akaambia makanisa yote vile adui alitaka kumzuia huyu binti kupitia mtu wa karibu yake, na Mungu akamwaibisha. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nikasimama pale nikitabasamu, na najua ni uongo.

Tukipanga vyombo, Vincent alikuja kukunja waya karibu na mimi. Alinisifu. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kuna kitu kimemsumbua.

"Ile siku ya Meru, kinanda hakikuwa na makosa. Kilikuwa na mimi. Wewe ndiye ulikuwa mbele. Nilingoja kamati waniulize, hawakuniuliza."

Nilimwambia najua.

Akaniangalia, akaendelea kukunja waya. Hiyo ndiyo ilinimaliza. Asubuhi wenzangu walipanda gari ya kurudi Meru, mimi nikapanda ya Ishiara.

Kwao hakukuwa kugumu kupata. Mamake, Mama Celina, anauza ndengu pale sokoni. Nilimkuta na Rwamba wamekaa chini ya turubai, ungo katikati, wanatoa mawe kwa ndengu. Mama Celina alinijua. Alinipa kiti na maji bila kuniuliza nimekuja kwa amani ama kwa vita, kisha akasema anaenda kuangalia mbuzi.

Rwamba hakuinuka. Alikuwa amekonda.

Nilimwambia kila kitu, bila kupumzika. Headphones. Stima. Younis. Zile wiki tatu nilizonyamaza. Kongamano, na yale pasta alisema juu yake na mimi nikayaacha yapite. Nilifikiri atashtuka, ama atalia. Mkono wake ulisimama tu kwa ungo.

"Kumbe ni headphones," akasema. "Mimi nilidhani ni woga."

Sikuelewa. Nikamuuliza alidhani nini ni woga.

"Kule kutangulia. Kaju, mimi ni mtu wa kinanda. Nilisikia tangu Jumamosi ya kwanza."

"Ulijua?"

"Ulikuwa unakimbia kila wimbo. Nikaanza kukufuata. Napiga mbele ya wimbo, ili usijisikie umepotea. Nilisema akizoea ngoma za kweli, itaisha yenyewe."

Watu wangu... yale mazoezi tulienda pamoja vizuri... hatukuwa tunaenda vizuri! Alikuwa anakimbia na mimi. Ananibeba na mimi sijui nimebebwa.

Akaniambia hata ile Jumapili alijaribu. Mistari miwili ya kwanza alinifuata. Lakini kulikuwa na Vincent, kulikuwa na waimbaji, na waimbaji wakaanza kupotea. Ilibidi achague. Mstari wa tatu akawarudia.

Nilikuwa nimesikia vizuri kabisa kwamba ameniacha. Sikujua tu kwamba kabla ya hapo alikuwa amenishika.

Nikamuuliza swali lililokuwa linanichoma tangu ile siku. Kwa nini hakusema, pasta alipomuuliza?

Alichukua jiwe dogo kwa ndengu, akalitupa.

"Ningesema nini? Kwamba mimi sikuchelewa, ni Kajuju hajui kuweka mdundo? Mbele ya watu wote wale? Ulikuwa umeshaanguka mara moja. Sikutaka kukuangusha mara ya pili."

Nilishindwa kumwangalia. Nilitaka kupiga magoti, akanizuia, akasema watu wa soko watadhani amenifanyia kitu. Nikalia nimekaa.

Alisema na yeye alikosa. Angeniambia mapema, ile Jumamosi ya kwanza, hata kama ningekasirika. Alinificha ufa akidhani ananisaidia. Nikamwambia asijilaumu, akasema hajilaumu, anasema tu ukweli.

Tulichambua ndengu pamoja mpaka ungo ukaisha. Nikamwomba msamaha tena.

"Mimi nimekusamehe," akasema. "Lakini wewe ulinisema mbele ya watu mia nne. Hapa tuko wawili."

Nikaelewa. Hakuhitaji kuongeza.

Jumapili iliyofuata sikuenda kwa ngoma. Niliomba pasta maikrofoni. Alidhani nataka kutoa ushuhuda wa Embu, akanipa akitabasamu. Nikasema yote, jinsi nilivyowaambia nyinyi, hadi ile status ya nyoka. Nilisema Rwamba hakunivuruga. Nilisema alikuwa ananifichia aibu, na mimi nikaichukua nikampaka yeye. Kisha nikamrudishia pasta maikrofoni.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja wa mbele alimwita tu Mungu, "Ngai," akafunika uso.

Pasta alikaa chini. Kisha akasimama, akasema na yeye amekosa, kwa sababu alihukumu kwa kusikia upande mmoja. Alimpigia Rwamba simu mchana huo. Jina lake likasomwa na kusafishwa mbele ya kanisa. Mimi kamati ilinipa miezi sita ya lile benchi la nyuma, kando ya mlango, na sikukata rufaa. Winfred yuko kwa ngoma. Anapiga vizuri, wacha niseme ukweli.

Sasa sikiliza, wewe unayesoma hii ukiwa na hasira na mtu. Labda amekukosea kweli. Labda. Lakini kabla hujamsimamisha mbele ya watu, kaa naye chini, wawili, umuulize. Swali moja tu kwa Rwamba, chumbani kwetu, lingetosha. Mimi nilikuwa na miaka miwili ya kumjua na sikumpa hata dakika mbili.

Na wewe unayemfichia rafiki yako kosa lake kwa sababu unampenda, mwambie. Atanuna, lakini atapona.

Hasira yangu haikunipa kitu. Ngoma nimeziweka chini ya kitanda. Napiga siku moja moja, kwa earphones za waya.

Jioni ile niliyoungama, Rwamba alinitumia ujumbe. Aliandika: "Nimeambiwa ulichofanya. Asante. Usije Ishiara mpaka nikuite."

Ni mwezi wa nne sasa tangu ujumbe ule. Bado hajaniita.